Pua, Feleji na Nguzo ya Gari: Tafakuri ya Mwanafunzi wa Fasihi Gerejini

Neno pua lina maana mbili katika kamusi zetu. Ya kwanza ni kiungo cha kunusia, nayo kila mtoto anaijua. Ya pili ni chuma kilichotiwa ugumu, chuma cha visu, patasi na tupa, na maana hii wengi wetu huipita upesi tukitafuta jambo jingine. Jirani yake limo neno feleji, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa chuma bora cha kufulia panga. Kisha yamo fua na subu, yumo mhunzi na fuawe yake, imo mivukuto, limo koleo. Msamiati wa uhunzi katika Kiswahili ni mpana kuliko tudhanivyo. Ila sisi wanafunzi wa fasihi aghalabu hukutana nao katika tenzi tu. Tunauwekea tanbihi chini ya ukurasa, tunaendelea na safari.

Msomaji mpenzi, sikukusudia kuandika juu ya chuma. Tasnifu yangu ya uzamili, ninayoiandaa hapa Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, inahusu mashujaa wa tenzi za kale na silaha zao. Lakini mjomba wangu, ndugu wa mama, ana gereji ya bodi za magari kando ya eneo la viwanda mjini Nakuru, na mwaka jana alinipigia simu akaniambia nifike Jumamosi, nije na kamusi. Alikuwa amepata kurasa tatu za mwongozo wa ukarabati kutoka kwa muuza vipuri, zote za Kiingereza. Mjomba Kiingereza anakisoma. Hakuwa akijitafutia tafsiri yeye mwenyewe. Vijana wake wa kazi ni wanne: mmoja ametoka Baringo, mmoja Bomet, mmoja Nyandarua na mmoja Kakamega. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili, na hawana nyingine ya pamoja. Mjomba alitaka karatasi moja ya kubandika ukutani, iseme bila kumung'unya maneno ni sehemu zipi za gari zisizoguswa kwa moto, na kwa nini.

Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyonitoa jasho.

Gereji hiyo ina kila kitu kijulikanacho na mkazi wa Nakuru: vumbi la asubuhi, kelele za nyundo, mlima wa Menengai kwa mbali upande wa kaskazini. Magari huletwa kutoka barabara kuu ya A8, kuanzia Gilgil na Naivasha upande mmoja hadi Salgaa na Mau Summit upande wa pili. Sihitaji kumweleza msomaji wa maeneo haya sifa za barabara hiyo. Usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walipoteza maisha yao pale Migaa, basi na lori vilipogongana. Magari ya ajali kubwa namna hiyo hayatengenezwi tena. Yanayofika kwa mjomba ni yale ya ajali za kati, ambayo wenyewe walitoka wakitembea kwa miguu yao, wakamshukuru Mungu, kisha wakauliza bei.

Aliyefika wiki ile alikuwa na gari dogo kutoka Japani lililogongwa ubavuni. Nguzo ya katikati, ile isimamayo baina ya mlango wa mbele na wa nyuma, ambayo vijana huiita pila, ilikuwa imeingia ndani kiasi cha upana wa kiganja. Kijana wa Bomet alianza kutoboa alama za kuchomelea ili aitenganishe nguzo na paneli ya nje. Biti ya kwanza ya keekee iliungua kabla ya kufika nusu ya bamba. Ya pili vivyo hivyo. Alipoharibu ya tatu alimwita mjomba, naye akapitisha kidole juu ya tundu lile lisilokamilika, akanyamaza.

Mjomba ameifanya kazi hii kwa miaka 26. Aliianza enzi za Peugeot 504 na Datsun, magari ambayo, kwa maneno yake, chuma chake kilikuwa kinamsikiliza fundi: ukikigonga kinakwenda, ukikipasha moto kinalegea, ukikiacha kinatulia ulipokiacha. Chuma cha siku hizi, alisema, kina kiburi. Sababu yake ni ya kisheria kwanza. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililopitisha umri wa miaka minane. Kwa hivyo yale waliyobuni wahandisi wa Japani katika muongo wa 2010 ndiyo yanayoletwa leo na gari la kukokota hadi uani kwa mjomba. Mwaka 2011, kwa mfano, kampuni ya Mazda ilitangaza kwamba vyuma vya ndani ya bampa za CX-5 vingekuwa vya nguvu ya megapaskali 1,800. Sasa CX-5 ni gari la kawaida katika maegesho ya Nakuru. Chuma kile kimekuja, ila elimu yake haikupakiwa pamoja nacho melini.

Kabla ya kutafsiri sina budi nielewe. Nilimwendea rafiki asomaye uhandisi hapa chuoni, tukakaa jioni mbili. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa.

Megapaskali ni kipimo cha mkazo. Chukua waya ambao ukiukata, uso wake una ukubwa wa milimita moja ya mraba. Waya huo ukiwa wa chuma laini cha kawaida, cha aina iliyojenga bodi za magari ya zamani, utakatika ukining'inizwa uzito wa kilo 30 hivi, yaani mtoto wa darasa la tatu au la nne. Ukiwa wa chuma cha nguzo ile ya katikati, utabeba karibu kilo 150: gunia la mahindi la kilo 90 pamoja na mtu mzima ameketi juu yake. Hizo ndizo megapaskali 300 na megapaskali 1,500. Unene ni ule ule, wala mtu hawezi kuzitofautisha kwa macho. Faida kwa mtengenezaji ni kwamba anaweza kutumia bamba jembamba zaidi. Gari linakuwa jepesi, linakunywa mafuta kidogo, na bado chumba cha abiria hakikunjamani linapogongwa.

Baina ya hizo mbili kuna ngazi nyingi. Kuna chuma ambacho ndani yake punje ngumu zimetawanyika katikati ya punje laini, mfano wa githeri iliyoiva maharagwe lakini mahindi yangali yakipambana na meno. Ulaini unakiwezesha kufinywa katika kalibu bila kupasuka, na ugumu unakipa nguvu. Hicho hufinywa kikiwa baridi. Tatizo lake ni kurudi. Bamba lolote likikunjwa hurudi nyuma kidogo linapoachiliwa, na kadiri chuma kilivyo na nguvu ndivyo kinavyorudi zaidi. Hapa palinishangaza. Nilidhani chuma chenye nguvu zaidi ni kikakamavu zaidi, kumbe sivyo. Ukikisukuma kidogo kinapinda sawasawa na chuma laini. Tofauti ni kwamba kinaweza kusukumwa mbali zaidi na bado kikarejea mahali pake. Viwandani hukikunja kupita kiasi kinachotakiwa, wakijua kwamba kitarudi hadi palipokusudiwa. Mjomba alipolisikia hili alipiga paja. Miaka kadhaa amekuwa akivuta chasisi kwa mnyororo, ikifika sawa anaachia, asubuhi anapopima anaikuta imemsaliti. Alikuwa akilaumu mnyororo.

Ngazi ya juu kabisa ndiyo ya nguzo yetu, na hii haifinywi baridi. Asili ya ufundi wake ni Sweden, ambako kampuni ya Plannja iliusajili katika miaka ya 1970 kwa ajili ya visu vya mashine za kukatia nyasi na mambo kama hayo. Mwaka 1984 Saab waliutia katika gari lao la 9000. Chuma chenyewe kina kaboni kidogo, yapata sehemu 22 katika 10,000, manganizi kiasi, na boroni ambayo ni chembe tu. Bamba hupashwa katika tanuri hadi nyuzi 900 au zaidi, likawa jekundu linalokaribia rangi ya chungwa na laini kama ngozi iliyolowa. Kisha katika muda wa sekunde chache huhamishwa hadi kwenye kalibu ya chuma ambayo ndani yake maji baridi yanapita katika mifereji. Kalibu inafunga, inalifinya, na haifunguki upesi. Inalishika bamba lile huku ikilinyang'anya joto kwa kasi ya nyuzi 30 hivi kila sekunde. Kasi hiyo ndiyo siri yote. Chuma kikipoa polepole, kaboni hupata nafasi ya kujipanga na matokeo huwa chuma cha kawaida. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa ilipo, na umbo la ndani linalotokea, ambalo wanasayansi huliita matensaiti, ndilo lililomaliza biti tatu za kijana wa Bomet.

Basi fikiri sasa fundi anapokuja na gesi yake ya oksijeni na asetilini, akaielekeza kwenye nguzo iliyopinda hadi ikawa nyekundu, akaigonga ikanyooka, kisha akaiacha ipoe yenyewe katika upepo wa Nakuru. Umbo limerudi. Nguvu haikurudi. Pale paliposhika moto chuma kimepoa polepole, na kimebakiwa na theluthi moja hivi ya nguvu yake au zaidi kidogo. Hata pembezoni, ambako hakikuwa chekundu ila kilipata joto la nyuzi 400 au 500, kimelegea. Fundi anapaka fila, anapiga msasa, anapiga rangi. Hakuna jicho la mwanadamu litakaloona kitu. Gari likigongwa tena ubavuni, nguzo iliyoundwa ili isimame baina ya mlango na mbavu za abiria itajikunja pale pale ilipochomwa.

Watu wakizungumzia chuma cha magari nchini humu hukumbuka Nyayo Pioneer, mradi ambao Rais Moi aliukabidhi Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, ukatoa magari matano ya majaribio na kuzinduliwa mwaka 1990. Ni historia ya kujivunia na ya kusikitisha kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hata hivyo, swali la kama Kenya itaunda gari lake limetufumba macho tusione kwamba chuma cha magari kinafuliwa upya kila siku katika nyua kama ule wa mjomba, na mikono inayokifua ndiyo inayoamua nani atatoka mzima katika ajali ijayo. Mikono hiyo inaongea Kiswahili.

Nilirudi na rasimu yangu Jumamosi ya pili. Nilikuwa nimehangaika sana na maneno. Kiingereza hutofautisha nguvu ya kutokatika, ugumu wa kutochubuka, ukakamavu wa kutopinda na ushupavu wa kutovunjika ghafla. Kiswahili kinayo maneno hayo yote manne, kama unavyoyaona hapa, lakini katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, na "gumu" ndilo linalomeza mengine. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ambayo TUKI waliitoa mwaka 1990 ilinisaidia hapa na pale. Jina la chuma chenyewe nililitafuta kwingine. Niliandika feleji. Nilijiona nimelifufua neno la mababu kwa heshima zote. Kijana wa Kakamega akauliza kama Feleji ni msichana wa Lamu. Walicheka mpaka mjomba akawakumbusha kwamba kuna mteja anasubiri. Wao tayari walikuwa wakikiita "chuma kali". Nilipendekeza angalau tuseme "chuma kikali", kwa kuheshimu ngeli, wakakubali kama watu wanaokubali kumpa mgeni kiti.

Mjomba alikuwa na swali zito zaidi. "Mwalimu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nijiunge na chuo, "kama siri ni kupoza kwa haraka, si nikishanyoosha nimwagie maji tu? Ndoo hii hapa."

Sikuwa na jibu. Rafiki yangu mhandisi angekuwa nalo, lakini hakuwepo. Aliyejibu alikuwa mzee anayetengeneza springi za malori, ambaye banda lake limeshikana ukuta na gereji ya mjomba. Alikuwa amekuja kuazima spana, akasimama kusikiliza.

Hapa naomba nimtue msomaji kidogo, kwa sababu ya yule mzee. Springi ya lori ni chuma chenye nguvu nyingi ambacho nchi hii imekijua kwa muda mrefu kabla ya nguzo za magari madogo. Ina kaboni nyingi kuliko chuma cha bodi, na hupata nguvu zake kwa njia hiyo hiyo ya kupashwa na kupozwa. Wahunzi wa Bonde la Ufa waliling'amua hilo zamani. Simi za Wamaasai uzionazo Narok na Naivasha kwa kawaida hufuliwa kutokana na springi za magari yaliyokufa, vivyo hivyo panga nyingi na visu. Ustadi huu haukuanza na malori. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni katika matanuri yao yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wataalamu wamebishana juu ya baadhi ya maelezo yao, lakini hakuna anayebisha kwamba watu hawa walikijua chuma. Hata Fumo Liyongo wa tenzi zetu hakuokolewa na nguvu za mwili peke yake. Mamaye alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye akaikata minyororo usiku huku ngoma zikipigwa nje. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi nikitafuta ushujaa na hila. Sasa naiona pia tupa: chuma kilichopozwa ghafla kikila chuma ambacho hakikupozwa. Aliyeitunga alijua kwamba vyuma si sawa, na wasikilizaji wake walijua pia, la sivyo kisa hicho kisingewaingia akilini.

Yule mzee basi alisema, "Huwezi kunywesha nusu."

Tukamwomba aeleze. Akatupeleka bandani kwake. Bamba la springi likipoteza mgongo wake, alisema, yeye hulitoa lote kwenye gari. Hulipasha lote, kuanzia ncha hadi ncha, hadi rangi iwe moja. Hulikunja juu ya kigezo, kisha huliingiza lote kwa pamoja katika pipa la mafuta machafu ya injini. Tendo hilo analiita kunywesha. Chuma kilichonywa huwa kigumu lakini kikavu, ukikiangusha kinaweza kuvunjika kama chupa. Kwa hiyo hukitoa na kukirudishia moto kidogo, akiyaangalia mafuta yaliyobaki juu yake. Mafuta yakishika na kuwaka yenyewe, joto limetosha. Chuma kimepata, kwa neno lake, adabu. Anayepasha mahali palipovunjika tu, akachomelea na kumwagia maji, atalipwa leo na kutukanwa kesho, maana springi itakatika sentimita chache kando ya pale alipogusa. Pale penyewe patakuwa pamekunywa, pembeni patakuwa pamelegea, na baina ya hayo mawili pana mpaka. Chuma hukatikia mpakani.

"Sasa nguzo yako," akamgeukia mjomba, "utaitoa yote? Utaipasha yote? Pipa la kuitosheleza unalo? Na ni bamba jembamba namna hii. Ukilimwagia maji upande mmoja litajipinda kama chapati."

Kwa dakika zisizozidi kumi mzee huyu, ambaye sidhani amewahi kuliona neno matensaiti, alikuwa ameeleza kwa Kiswahili kitamu yale ambayo mimi niliyahangaikia kwa jioni mbili na kamusi tatu. Elimu iliyohitajika ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati. Ilikuwa imetenganishwa na mjomba kwa mgawanyo wa kazi tu: huyu ni wa springi, yule ni wa bodi, na bodi tangu zamani ilikuwa chuma laini kisichohitaji elimu hiyo. Magari yalipobadilika, bodi ilihamia katika uhunzi bila kumwarifu mtu.

Nilipoyaeleza haya katika semina ya idara, mwanafunzi mwenzangu mmoja aliuliza hili lina uhusiano gani na fasihi. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba istilahi hazizaliwi kamati zinapokaa, bali mtu anapotaka kumzuia mwenzake asifanye jambo la hatari naye akakosa neno. Sina hakika aliridhika. Wengine walinishauri nipendekeze "kuzimua" au "upoozaji wa ghafla". Binafsi sasa siwezi kuandika neno jingine ila kunywesha. Lina kitendo ndani yake, lina kiu ya chuma, na fundi akilisikia mara moja halisahau.

Karatasi ipo ukutani tangu Juni. Rasimu yangu ilikuwa na maneno 400. Iliyobandikwa ina maneno 90 hivi. Mjomba aliikata kwa kalamu nyekundu mbele yangu, bila huruma ambayo wasimamizi wa tasnifu hutuonyesha. Neno matensaiti aliliondoa. Feleji ilikwisha ondoka. "Kupozwa ghafla" palifutwa pakaandikwa "kunyweshwa". Inasema kwamba nguzo za katikati, za mbele, mihimili ya ndani ya milango na vyuma vya ndani ya bampa vyaweza kuwa vya chuma kikali kilichonyweshwa kiwandani. Kwamba biti ikiungua, simama, hiyo ndiyo dalili. Kwamba chuma hicho hakipashwi moto wala hakinyooshwi kwa nguvu kikiwa baridi, maana kitapasuka. Kwamba kinatolewa chote na kuwekwa kingine, kikiunganishwa pale tu ambapo mwongozo wa gari hilo umeruhusu. Sentensi ya mwisho aliiongeza mwenyewe: mteja akikataa, aambiwe achukue gari lake.

Sentensi hiyo ina gharama yake. Nguzo nzima iliyokatwa kutoka gari jingine, pamoja na kazi ya kuitoa na kuirudisha, ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya kunyoosha kwa moto. Mwenye lile gari dogo alisikiliza maelezo yote kwa adabu. Akamwambia mjomba kwamba ameelewa, lakini yeye hulitumia gari hilo kupeleka watoto shuleni na kuleta mboga kutoka Njoro, si la mashindano. Alimwomba anyooshe tu. Mjomba akakataa. Gari likakokotwa siku iyo hiyo. Vijana wanne walikosa kazi ya siku tatu, na mmoja wao, sitasema yupi, alinitazama kana kwamba ni mimi niliyeiandika ile karatasi kwa ajili ya kuwanyima chakula.

Mwezi wa Agosti nilikuwa na mjomba katika msongamano wa Kenyatta Avenue tukitoka kununua rangi. Alinigusa bega. Gari lile lilikuwa safu ya pili, mbele yetu kidogo, rangi yake inang'aa kuliko ya magari yote yaliyokuwa pale. Nyuma walikaa watoto wawili wa sare za shule, mmoja ameegemea kichwa kwenye nguzo. Mjomba aliutazama mstari wa mlango kwa muda mrefu, jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenziwe, akipima nafasi baina ya mlango na bodi kuanzia juu hadi chini.

"Mlango unakaa sawa kabisa," alisema. "Amejitahidi."

Magari yakasogea. Tulipofika Njiapanda ya gereji aliniuliza kama nimeanza ule ukurasa wa pili, unaohusu bampa.